Mashini ya dialize itoke Bruxelles ije Kadutu? Mama Infirmiye anajibu

Mama Infirmiye, jambo. Mi niko wa hapa Kadutu, Bukavu. Muzee wetu ana miaka 61, tansio iko naye tangu zamani, dawa alikuwaka anakunywa paka siku kichwa inamuuma. Mwezi iliyopita alivimba miguu na uso, tukamupeleka ku hopitali, bakapima kreatinini (uchafu wenye mafigo inapashwa kutoa mu damu), bakasema mafigo imekwisha, anapashwa kufanya dialize mara tatu kwa wiki. Ameisha fanya sita. Sasa mudogo wangu mwenye iko Bruxelles anasema kule batu banafanyaka dialize mu nyumba yao, tena usiku bakiwa balala, na ameona mashini moja ya okazio, yenye ilishatumika, ku intaneti, anataka kuinunua atutumie. Familia imegawanyika: bamoja banasema muzee abakie ku hopitali, bengine banasema mashini ikuye tuache kulipa kila wiki. Mimi njo mukubwa, banangoja neno yangu. Tena uniambie ile mashini inafanyaka nini na damu, ju muzee anasemaka banamunyonya damu. — Mukubwa wa familia, Kadutu

Poleni sana mwanangu, wewe na familia yote. Nianze na muzee mwenyewe, ju yeye njo analala pale masaa manne akiangalia damu yake ikitembea mu mpira nje ya mwili, na naona hakuna mtu aliyekaa karibu yake akamweleza. Muzee, hakuna anayekunyonya. Mashini inafanya kazi ya mafigo yako: inatoa damu polepole, kama mililita 300 kwa dakika, ni kama kachupa kadogo ka soda, inaipitisha kwenye chujio na inairudisha mwilini hapo hapo, kwa hiyo saa yoyote utakayopima, damu iliyo nje haipiti sana glasi moja. Lile chujio refu kama tochi lina mirija kama elfu kumi ndani yake, myembamba kama nywele, damu inapita ndani ya mirija, maji ya dialize yanapita nje yake yakienda kinyume, na ukuta wa katikati una vitundu ambavyo uchafu unapita lakini chembe za damu hazipiti. Funga majani ya chai mu kitambaa utie kwenye maji ya moto: rangi inatoka, majani yanabaki. Njo hivyo. Na yale maji yaliyomvimbisha uso yanatolewa hapo hapo. Kuna pia dawa ya kuzuia damu isigande mu mipira, heparini, kwa hiyo siku ya dialize akijikata kidogo na damu ikakawia kukauka msipige makelele, finyeni tu pale mahali kwa muda, ikikataa kabisa mrudi.

Kazi hii haikuanza na mashini zenye ekra. Dokta Willem Kolff wa Uholanzi alitengeneza yake mwaka 1943, wakati wa vita, kwa selofani ile ya kufungia soseji, ameizungusha kwenye pipa la mbao, na wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa hadi 1945 mama mmoja wa miaka 67 akapona. Namtaja ju muzee akiona mashini inalia lia ajue imetoka mbali.

Sasa mdogo wako. Hasemi uongo. Huko Ulaya kweli kuna watu wanafanya dialize nyumbani, wengine kila siku masaa mawili matatu, wengine usiku mzima, na wanajisikia vizuri kuliko wa hopitali, ju mafigo ya kawaida yanafanya kazi masaa 168 kwa wiki na sisi ku hopitali tunakupa 12 tu, kwa hiyo mwenye kuongeza masaa anapata faida, anakula kwa uhuru zaidi, hachoki vile. Lakini kitu ambacho mdogo wako haoni kwenye ile picha ya intaneti ni bomba nyuma ya mashini. Chukua bido la lita 20, la njano, lile mnalobeba kutoka kwenye robine. Dialize moja ya masaa manne inakula karibu lita 120 za maji. Bido sita. Na siyo maji ya robine, ni maji yaliyopita kwenye mashini nyingine ya kuyasafisha, ambayo yenyewe inamwaga sehemu kubwa ya maji inayopewa, kwa hiyo ili upate bido sita safi hesabu bido kumi au zaidi ziingie, kwa presha, bila kukatika, mara tatu kwa wiki. Kule Kadutu juu, ninyi mnapata maji saa ngapi? Usiku wa manane? Nani atapanda zile ngazi na bido kumi?

Na usiniambie tutachemsha. Kuchemsha kunaua mikrobe, hakutoi chumvi chumvi za maji wala sumu nyingine. Mtu mzima anakunywa kama lita mbili kwa siku na tumbo linachagua cha kupitisha, lakini mtu wa dialize damu yake inakutana na lita 360 za maji kwa wiki na katikati yao kuna ukuta mwembamba tu. Klorini ile ile inayotusaidia tusipate kolera, ikibaki mu maji ya dialize inapasua chembe nyekundu za damu. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazil, maji ya bwawa yenye sumu ya mwani yaliingia kwenye sentre ya dialize bila kusafishwa vizuri na wagonjwa zaidi ya 50 walikufa. Hao walikuwa na sentre nzima na madokta! Basi ukisikia mtu anasema ziwa Kivu liko hapa chini, maji hayatukosi, mwambie anyamaze kidogo.

Umeme je. Mi mwenyewe nilishazungusha pampu ya dialize kwa mkono, mahali sipataji, usiku, umeme umekatika, jenereta imekataa kuwaka, betri ya mashini nayo ya zamani imekufa, mwenzangu anamulika na tochi ya simu na mgonjwa ananiuliza "dada, nakufa?" Kuna ka mkono kadogo kwenye pampu, unazungusha taratibu damu irudi mwilini kabla haijaganda, ukizungusha mbio mbio unaharibu. Tulimrudishia damu yake yote. Lakini sisi tulikuwa wawili na tulijua. Saa nane za usiku mu nyumba yenu atakuwa nani? Kule kwa mdogo wako, mgonjwa na mtu wa kumsaidia wanafundishwa kwa wiki nyingi kabla ya kuachwa peke yao, kuna namba ya kupiga usiku, kuna fundi anakuja. Ile mashini ya okazio haiji na fundi. Wala haiji na chujio, mipira, sindano na yale madumu ya dawa ya kuchanganya na maji, ambavyo vyote vinatakiwa kila seansi, na mara nyingi mipira ya mashini hii haiingii kwenye mashini ile. Mtaifunika kitambaa muweke televisheni juu yake.

Kuna dialize nyingine ya nyumbani ambayo mdogo wako hakuitaja, na kama mnataka kabisa nyumbani njo mngeiulizia: ya tumbo. Wanapasua kidogo wanaweka mpira mwembamba tumboni, unabaki pale, halafu unaingiza mfuko wa lita 2 za maji yaliyotengenezwa kiwandani, unayaacha masaa manne hadi sita, ile ngozi ya ndani ya tumbo inafanya kazi ya chujio, unamwaga, unaweka mengine. Kwa kawaida mara nne kwa siku. Haitaki umeme, haitaki bomba, haitaki sindano mu mkono. Mgonjwa anaweza kuifanya mwenyewe akishafundishwa. Inataka chumba kisafi, mikono iliyooshwa kwelikweli, maski, dirisha limefungwa, kuku na watoto wakae nje, ju mikrobe ikipita kwenye ule mpira tumbo linaoza ndani. Ukiona maji yanayotoka ni kama maji ya mchele, yana ukungu, au tumbo linauma, ni hopitali siku ile ile, siyo kesho. Na mwenye sukari ajue yale maji yana glukozi ndani, vipimo vyake vitapanda.

Shida yake hapa kwetu ni mzigo. Mifuko minne ya lita mbili ni kilo nane kwa siku, piga mara siku 30, ni zaidi ya kilo 240 kila mwezi, mifuko 120, na isikose hata wiki moja. Bukavu tunajua ginsi vitu vinafika: boti ikisimama au barabara ikifungwa, hata sukari inapotea sokoni. Kwa hiyo kabla ya kuweka mpira tumboni muulizeni dokta mifuko inatoka wapi, nani anaiagiza, na stoki iliyopo ni ya miezi mingapi. Akijibu "itakuja", msianze.

Neno langu kwako mukubwa ni kwamba muzee abakie ku hopitali, na ile pesa ya mashini mdogo wako aitume kidogo kidogo kila mwezi. Ninyi mnahesabu bei ya seansi tu lakini kuna teksi mara sita kwa wiki kwenda na kurudi, kuna vipimo, kuna sindano za kuongeza damu ju mafigo njo yanaamrisha mwili utengeneze damu na yakifa mtu anakosa nguvu, kuna chanjo ya hepatite B (homa ya ini) ambayo lazima apate. Naona familia nyingi zinaanza na mara tatu kwa nguvu zote, mwezi wa pili mara mbili, wa tatu mara moja, halafu watu wanasema dialize imemuua. Pigeni hesabu ya mwaka kabla ya kugombana. Na ku sentre ulizeni mashini ngapi zinafanya kazi leo (siyo ngapi ziko mu chumba), zikiharibika zote mnaelekezwa wapi, na maji yanapimwa lini. Wakiwakasirikia kwa maswali hayo mmeshapata jibu.

Mama Infirmiye, mi ni mama wa miaka 38, wa Bagira. Niko na mpira ku shingo kwa ajili ya dialize tangu miezi miwili. Dokta anasema banipasue mukono baniwekee fistula. Mama, mi nimeshazaa batoto bane, sijawahi kuvuja hata siku moja, sina ile ugonjwa! Niliogopa kuuliza mbele ya batu. Bwana yangu akisikia hiyo neno ataniacha. — Ninaye haya

Dada yangu, nimecheka kidogo halafu nikasikitika, ju kosa siyo lako. Hapa Bukavu neno fistula tunalijua kwa mlango mwingine, lile tundu la mama kuvuja mkojo, tunaishi mji mmoja na hopitali ya Panzi, dokta Denis Mukwege ameshona wamama wetu hadi akapewa Nobeli ya amani mwaka 2018, kwa hiyo dokta akitamka fistula bila kueleza, kila mwanamke wa hapa anawaza hilo hilo. (Na hata wale wamama hawana cha kuonea haya, walioumizwa njo wao.)

Fistula maana yake ni njia tu, njia kati ya vitu viwili ambavyo kawaida haviunganiki. Yako ni ya mkono. Wanachukua mshipa unaoleta damu kutoka moyoni wanauunganisha na mshipa unaoirudisha, kwa kawaida kwenye mkono usioutumia sana, kwa hiyo kama unaandikia kulia watafanya kushoto. Damu ya nguvu inaingia kwenye mshipa wa kurudisha, mshipa unanenepa, unakuwa mgumu kama kamba, na hapo sindano za dialize zinaingia vizuri kila wiki kwa miaka. Walioianzisha ni madokta Brescia na Cimino wa New York, waliandika habari yake 1966, na mpaka leo hakuna kilichoishinda. Inataka wiki sita, nane, wengine miezi mitatu kabla ya kutumika, njo maana dokta anakuharakisha.

Ule mpira wa shingoni ni mlango wazi unaoelekea moyoni. Ukisikia baridi na kutetemeka, hasa ukiwa kwenye mashini au usiku wake, usimeze dawa ya malaria ukalala, rudi ku hopitali, inaweza kuwa mikrobe imeingia kwa mpira. Usiuloweshe unapooga, usimruhusu mtu wa labo auchezee.

Wakishakuwekea fistula, kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani weka vidole juu ya kovu. Utasikia inanguruma, vrrr, kama frigo ya zamani. Ile kelele njo uzima wake. Asubuhi moja ukiikuta kimya, ni hopitali siku ile ile, ikicheleweshwa imekwisha na mkono unapasuliwa upya. Mkono huo haupimwi tansio, hautolewi damu ya labo, hauvaliwi saa wala bangili ya kubana, haulaliwi, haubebi bido. Najua wamama wa Bagira kwa kubeba! Mtoto mkubwa abebe.

Na bwana yako mwende naye siku ya kumuona dokta, aweke vidole mwenyewe kwenye mkono wa mgonjwa mwingine mwenye nayo asikie. Wanaume wakisikia kitu kinanguruma kama motere wanapenda.

Ni kweli mutu akianza dialize hawezi kuacha? Jirani anasema ni ile dialize inauaka. — Kijana wa Nyawera

Inategemea mafigo yameshtuka au yamekufa. Malaria kali, kuhara sana, damu nyingi kutoka wakati wa kuzaa, dawa za kienyeji, au yale madikilofenaki, dawa za maumivu, watu wanayomeza kama karanga, vinaweza kusimamisha mafigo kwa siku au wiki na yakaamka, mtu anafanya dialize chache anaacha, anakojoa kama zamani. Tansio na sukari za miaka mingi huwa zimeyamaliza polepole, ukipiga ekografi mara nyingi unayakuta yamekuwa madogo, hapo dialize ni ya kuendelea, au upate figo la kupandikizwa. Muulize dokta yako uko upande gani, ni haki yako. Kuhusu jirani: watu wanaletwa wameshavimba mpaka mapafu, wanakufa siku ya pili ya dialize, na lawama inabebwa na mashini.

Mama yetu anafanya dialize, bamemukataza sombe, ndizi, maharage, avoka, viazi. Sasa atakula nini, mawe? Na kiu inamusumbua, anatuomba maji usiku analia. — Bamadada batatu, Nguba

Hawakumkataza kwa roho mbaya dada zangu, ni potasi, aina ya chumvi chumvi iliyo mu vyakula hivyo. Mafigo yakiwa hayapo potasi inabaki mu damu, ikizidi miguu inalegea na moyo unapiga ovyo ovyo mpaka unasimama, bila kelele. Siku mbaya kuliko zote ni mwisho wa ile nafasi ndefu, kama anafanya Jumanne, Alhamisi na Jumamosi basi Jumatatu usiku njo wa kuogopa, na Jumapili njo siku ambayo wajomba wanakuja na avoka zao za Walungu.

Siyo kila kitu ni marufuku milele, ni kiasi na upishi. Viazi menya, katakata vidogo, chemsha mu maji mengi, mwaga yale maji yote, weka mengine malizia kupika. Sombe na lengalenga vile vile, maji ya kwanza yamwagwe, na iwe vijiko viwili vitatu pembeni ya bugali, isiwe sahani. Bugali na mchele havina shida kubwa. Avoka aache kabisa, ndizi mbivu ale nusu tu, siku ya dialize, na wamruhusu kwanza. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, zisizokaushwa akipikiwa anaweza kula kidogo, protini anaihitaji ju dialize inaitoa, lakini zikiliwa na mifupa na vichwa zinaleta fosfori nyingi, nayo ni kitu kinachobaki mu damu, na za kukausha na makayabu (samaki wa chumvi) zina chumvi ya kumuua na kiu. Na kitu kimoja nawaombeni mwangalie leo leo mu kabati: ile chumvi ya rejime inayouzwa ku farmasi kwa watu wa tansio. Nyingi imejaa potasi. Itupeni.

Kiu yake inatoka kwa chumvi kuliko joto, na vile vikibe vya kutia mu supu ni chumvi. Vitoeni wiki moja muone kama ataomba maji vile. Hesabu ya maji ni hii: mkojo aliokojoa jana, mnapima kwenye kopo, halafu ongeza nusu lita. Kama hakojoi kabisa ni ile nusu lita tu, na chai, supu, uji vyote vimo ndani ya hesabu. Kila lita anayozidisha inakuja kama kilo moja kwenye mizani, na wakimtolea kilo nne tano mara moja atashikwa na kramp, atashuka tansio, atawaambia mashini imemchosha wakati ni maji.

Kama hakojoi, asubuhi jazeni chupa moja ya nusu lita mumwekee mezani, ya siku nzima, na ya chai na supu yatoke humo humo, akitaka barafu mgandishieni sehemu yake anyonye polepole usiku. Ile chupa iwe yake peke yake, mjukuu akiinywea humo hesabu yote imepotea.